Niliolewa Baraka wakati wa vita, na gauni lililopikwa kwenye sufuria ya nyavu

Wakuu, habari za humu ndani. Na nyie kina dada mnaosoma kimyakimya bila kukoment, nawaona, salamu zenu pia.

Mimi ni msomaji wa miaka mingi, si mwandishi. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki, sitajaza na ya kwangu.

Kisa cha kuandika ni hiki. Juzi mdogo wangu Neema kanipigia kutoka Baraka, kule Fizi, Kivu ya Kusini. Anaolewa! Nikaanza kupiga vigelegele peke yangu jikoni hapa Kigoma, hadi jirani akaja kuchungulia. Kabla sijamaliza, Neema akaniambia:

"Yaya, mi nataka ile robe."

Nikakaa chini kabisa, kijiko mkononi.

Ile robe, yaani gauni la harusi, wakuu. Ngoja niwape stori yake tangu mwanzo.

Mimi nimezaliwa Swima, kijiji cha kando ya ziwa Tanganyika. Baba alikuwa mvuvi, na pia mzee wa kanisa. Mama alikuwa mama wa nyumbani mwenye kitu kimoja tu cha fahari duniani: gauni lake la harusi. Jeupe pe, mikono mirefu iliyovimba mabegani, lesi shingoni. Lilikaa kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini ili wadudu wasiliguse. Mara moja kwa mwaka mama alilianika uani na kutufukuza tusilisogelee. Mimi nilikuwa nasogea hivyo hivyo, napigwa, narudi.

Kisha vita vikaja. Nyie wa huku mlivisikia redioni. Sisi habari za mauaji ya Makobola zilitufikia kwa watu waliopita mbele ya nyumba yetu wanakimbia, hawana hata viatu. Sitaelezea zaidi hapo, wenye ndugu zao wako hai na wanasoma.

Baba akasema tunapanda milimani, mchana huohuo.

Neema alikuwa na wiki chache tu duniani. Nguo za kumfunikia hazikuwepo, vitenge vyote vilikuwa vimechakaa, vyembamba, na milimani usiku kuna baridi. Kitambaa kizito pekee ndani ya nyumba nzima kilikuwa kile cha kwenye sanduku.

Mama akakitoa. Baba akamzuia mlangoni. (Riziki ni mimi.)

"Hapana mama Riziki, ile nyeupe inaonekana toka mbali. Batatuona toka ku barabara."

Kweli tupu. Watu waliokuwa wanajificha porini walitupa kila kitu cheupe, mashuka, mashati, mpaka vilemba. Kitu cheupe kwenye mlima wa kijani mtu anakiona akiwa barabarani kabisa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Baba alikuwa bado na nyavu za zamani za pamba, alizorithi kwa babu. Nyavu za pamba zinaoza upesi, kwa hiyo zinachemshwa kwenye maji ya maganda ya mti, zinakuwa na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, zinadumu. Siku ile sufuria ya maganda ilikuwa jikoni inafuka, alikuwa ameiandaa kwa kazi yake.

Mama aliitazama ile sufuria. Alichukua gauni akalitumbukiza lote kwenye ile sufuria, akalikandamiza kwa mwiko wa ugali, akalikamua, likakaukia njiani mabegani mwake.

Moyoni mwake, alikuja kutuambia baadaye, alikuwa anajisemea kwamba vita vikiisha atalifua kwa sabuni, rangi itoke, gauni lirudi kuwa jeupe.

Wakuu, mke wa mvuvi! Miaka yote anaona mumewe anachemsha nyavu, zinakaa ndani ya maji mwaka mzima na hazibadiliki. Rangi ile kazi yake ni kutotoka. Lakini mtu ukiwa na hofu unaamini unachotaka.

Tulikaa milimani siku nyingi, idadi sikumbuki. Neema alibebwa ndani ya lile gauni muda wote. Mikono ya gauni ndiyo ilikuwa kamba ya kumfungia mgongoni. Hakuugua hata mafua. Tuliposhuka hatukurudi Swima, tulikwenda Baraka kwa shangazi yangu, tante Feza.

Mkae mkijua huyu tante Feza. Alikuwa ndiye mpambaji wa maharusi Baraka nzima. Mnyimeni chakula lakini msimguse kopo lake la poudre, ile poda ya uso.

Sasa twende mbele miaka michache. Vita bado vipo, leo mji una hawa, kesho una wale, lakini watu wanalima, wanavua, wanapendana. Mimi nimejifunza ushonaji, nina cherehani ya mguu kwenye baraza la tante. Kanisani nikampata Wilondja, kiongozi wa koro, yaani kwaya, mrefu, mpole, sauti ya chini kabisa. Mahari ikapelekwa, siku ikapangwa.

Hapa inabidi niwaeleze desturi ya kanisa letu, maana bila hiyo hamtanielewa.

Bibi harusi aliyejitunza anavaa nyeupe na voile, yaani shela. Aliyeanguka, yaani aliyepata mimba au aliyekutwa na jambo, anavaa nguo ya rangi, bila voile. Anakaa kwenye benchi la pembeni, anaitwa mbele, anasema kwa mdomo wake "nilianguka", watu wanamsamehe, ndipo anafungishwa. Ndoa hiyo ilikuwa inaitwa ndoa ya rangi. Na kama binti ni mtoto wa mzee wa kanisa, baba yake anaachia kiti. Kama bwana harusi ana huduma, anaachia huduma.

Kwa kuwa vita vilikuwa vimemaliza nguo za watu, kanisa lilikuwa na robe moja nyeupe ya kuazimisha maharusi wote. Ilitunzwa na Mama Sifa, mwenyekiti wa wamama. Mama mkali, mnyoofu, anakuangalia miguu kabla ya kukusalimia. Ile robe aliilinda kuliko macho yake.

Nikaenda kuijaribu.

Jamani. Ilikuwa satini ya kung'aa, imeshonwa kwa mtu wa kiuno mara mbili ya changu. Mama Sifa akaanza kunichoma pini mgongoni. Pini kumi na kitu, nahesabu. Kwapani kuna jasho la maharusi wote wa Baraka. Nikajiangalia kwenye kioo nikaona pazia limesimama.

Mimi ni fundi. Nguo mbaya inaniuma mwilini, siongezi chumvi.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama alipoona uso wangu akaenda kulitoa gauni lake alikolihifadhi. Akaagiza malimao. Aliweka jivu, aliweka sabuni, aliweka malimao ya mtaa mzima. Siku mbili anasugua, vidole vimepauka. Mimi namwambia aache, hasikii.

Siku ya tatu akalianika. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikainua macho.

WAKUU.

Nilishika mdomo. Gauni halikuwa jeupe, wala halingekuwa tena. Lakini malimao yalikuwa yamelipunguza rangi huku na kule, kifuani likawa kama chai ya maziwa, pindoni likabaki na ule wekundu mzito wa nyavu, na katikati rangi zinaingiliana taratibu bila mstari. Jua la saa nne lilikuwa linapita ndani yake. Fundi yeyote humu anajua kitu kama kile huwezi kukipanga. Nilicheka peke yangu kwa furaha, sioni aibu kusema.

Mama alikuwa amekaa chini analia. Anadhani ameharibu mara ya pili.

Nikalivaa palepale uani juu ya nguo zangu. Na ngozi yangu ni nyeusi, wakuu, nyeusi ya ziwani. Nilipoweka mkono wangu juu ya ile rangi, mkono uling'aa. Kwenye ile satini ya kanisa nilikuwa nimefifia.

Nikamwambia, "Mama, mi nitaolewa na hii."

Mama akafuta machozi kwa nguvu. "Riziki, unapata wazimu? Batasema ulianguka. Na papa yako batamutosha ku kiti."

"Sikuanguka."

"Mi najua haukuanguka. Batu batajua namna gani?"

Nikachukua mkasi. Nikaanza kukata tu.

(Naona mmeanza kuuliza design, ngoja niwatoe hamu haraka. Mikono ile ya kuvimba niliiondoa yote nikaacha mabega wazi kidogo, kwa adabu. Lesi ya shingoni niliibandua nikaishona upya kiunoni. Kitambaa cha mikono nikakisuka kuwa utepe mpana wa kichwani, fundo moja upande wa kushoto. Hakuna voile, hakuna maua ya plastiki. Chini nikaliachia liburuze kidogo nyuma, kiasi cha hatua moja. Mkuu uliyeomba picha hapo chini, ninayo moja tu na unyevu umeila, naonekana kuanzia kidevu kushuka.)

Jumatano kabla ya harusi kamati ya wamama inakuja kukagua nguo. Wakaja watatu, Mama Sifa mbele. Nikalileta gauni. Mama Sifa akaligusa kwa vidole viwili.

"Hii ni rangi."

"Ni robe ya mama yangu," nikasema. "Ilikuwa nyeupe. Vita njo iliipa rangi."

"Mutoto, kila mutu vita ilimupa kitu. Kanisa iko na sharti. Robe ya kanisa iko pale, safi. Uvae ile, ama ukae ku benchi ya pembeni, useme. Uchague."

Wakaondoka bila kunywa chai. Kwetu mgeni kuondoka bila kugusa kikombe ni ujumbe mzito.

Hapo furaha ilinitoka, sifichi. Kusema "nilianguka" wakati sikuanguka ni kuongopa mbele ya Mungu na watu. Kukataa kusema, pasta angeweza kuiahirisha ndoa. Na kuahirisha jambo Baraka ya wakati ule ilikuwa kitu cha hatari, hakuna aliyejua wiki inayofuata mji utakuwa mikononi mwa nani, au nani atakuwa amevuka ziwa. Na kiti cha baba. Baba hakuwa tena na nyumba wala mtumbwi. Alibakiwa na kile kiti.

Nikamwambia mwenyewe, jioni ile ile, anashona wavu uani. Nilitegemea hasira. Hakuinua hata kichwa.

"Ile rangi unaipenda?"

"Ndiyo papa."

"Siyo juu ya kutubishia sisi?"

"Hapana. Nikiivaa ninajiona mi mwenyewe."

Akafunga fundo la wavu, akalikata kwa meno. "Basi vaa. Kiti ni mbao."

Nikamwendea Wilondja. Koro ilikuwa maisha yake, na akiondolewa wangesema ndiye aliyeniharibu. Akasema atafikiri, akaondoka. Alhamisi hakuonekana. Wakuu, siku ile nilishona kaptula ya mteja nikaunganisha miguu yote miwili kuwa mmoja.

Ijumaa asubuhi akaja. Kakunja shati lake jeupe la harusi kwapani. Hakunipa mimi, alimpelekea baba kwa mikono miwili.

"Papa, munipikiye na yangu."

Nilikimbilia ndani nikaruka ruka kitandani kama mtoto. Baba akaenda kutafuta maganda, mama akakoka moto, na shati la bwana harusi likachemshwa mbele ya majirani wote. Tante Feza akapita akashika kichwa.

Na sasa tuje kwa tante, maana vita yangu ya pili ilikuwa pale.

Urembo wa maharusi Baraka wakati ule ulikuwa mmoja: uso mweupe. Unapakwa poudre inayoizidi ngozi yako weupe mara mbili, nyusi zinanyolewa zote zinachorwa upya kwa penseli, mdomo mwekundu wa damu. Uso mweupe, shingo nyeusi, mikono nyeusi. Ndiyo ilikuwa heshima.

Ijumaa mchana tante akanikamata kwa majaribio. Nikamwachia, maana alikuwa ametupokea nyumbani kwake tulipofika hatuna kitu. Akapaka saa nzima, ila nyusi nilizikingia mikono. Akanikataza kucheka ili uso usipasuke. Nikatoka uani.

Baba alikuwa anatokea ziwani. Akanitazama, akavua kofia kwa adabu.

"Jambo mama. Karibu. Benyeji bako ndani?"

Baba yangu mzazi!

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka hivyo tangu Swima. Nikaenda kunawa. Tante akalia, nikamkumbatia, nikamwambia tante mi nakuomba uniache na uso ambao papa anaujua.

Jumamosi ya harusi nilijipamba mwenyewe, dakika chache. Mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi, tone tu usoni na kidogo mabegani. Masizi ya taa nikayachanganya na mafuta hayohayo, nikapitisha kwenye kope. Mdomoni mawese, kidole kimoja, yanatoa wekundu mdogo wa asili. Nyusi zangu nikazichana kwa mswaki mpya. Basi. Siku hizi mnaita natural makeup na mnaenda saluni kuifanyiwa, sisi tuliipika jikoni.

Tante Feza aliniangalia muda mrefu akiwa amekunja mikono. Mwisho akalamba kidole, akanisawazisha unywele mmoja wa pembeni.

"Unafanana na mama yangu," akasema. Akaenda kujipaka yeye poudre yangu yote.

Tukaenda kanisani kwa miguu, hakuna ngoma, hakuna kelele, kwa sababu kulikuwa na askari kwenye kizuizi na hawakupenda mikusanyiko. Nilipowapita mmoja akaniuliza, "We unaenda wapi hivi?" Nikasema, "Kuolewa." Akasema, "Na hii nguo?" Nikasema, "Na hii nguo!" Akacheka akatupisha.

Kanisa limejaa. Minong'ono ikaanza mlangoni. Walioniona na rangi wakaangalia tumbo langu, wote, kwa pamoja. Nikaelekezwa benchi la pembeni, nikaenda nikakaa. Wilondja alitakiwa kukaa mbele, akaja akakaa na mimi, na shati lake la kahawia. Minong'ono ikazidi. Tumbo langu la kutazama likawa halitoshi, wakamtazama na yeye.

Pasta akaniita. Nikasimama. 

"Riziki, uko na neno la kuambia kanisa?"

Nikasema, "Pasta, siko na zambi ya kusema juu ya hii robe. Niko na asante tu."

Pasta alikuwa mtu mwema lakini sharti ni sharti, akaanza kufunga kitabu. Nikaona kile kitabu kinafungwa, wakuu, nikaona na maisha yangu yanafungwa nacho.

Kiti kikalia mbele. Baba kasimama.

Hakuenda kwenye mimbari. Alikuja akasimama kando yangu, akanyoosha mikono yake mbele ya watu, viganja chini. Mnajua mikono ya mtu aliyechemsha nyavu miaka thelathini? Kucha zake zote zilikuwa na rangi ya gauni langu. Ileile.

"Hii rangi ni yangu," akasema. "Mi njo niliichemsha. Neema alikuwa na wiki tatu, na nguo ya kumufunika ilikuwa moja tu, nyeupe. Mama yake akaitia mu sufuria ya nyavu juu basituone. Mutoto ni ule pale, angaliyeni, iko anakula muwa." Neema kweli alikuwa anatafuna muwa, benchi la pili. "Kama iko zambi, mutubishe mi. Uyu binti mumufungishe ndoa."

Nikasikia hatua.

Mama Sifa.

Alikuja na ile robe ya kanisa imekunjwa mkononi, alikuwa ameileta kwa matumaini nitabadili mawazo. Nikajua sasa nimekwisha. Akainama, akashika pindo la gauni langu, si kwa vidole viwili safari hii, kwa mkono mzima. Akaligeuza, akatazama mshono wa ndani, wa zamani, wa mama.

Akamuuliza mama yangu kule aliko, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama Riziki, mulichemusha na maganda tu?"

"Maganda tu," mama akajibu.

"Mi yangu niliitupa mu muto," akasema Mama Sifa. "Robe yangu ya ndoa. Bwana wangu alisema itatuonyesha. Nikaitupa, nikaona inaenda na maji, nyeupe vile. Bwana naye hakufika." Akapitisha kidole kwenye ule mshono. "Sikujua mutu anaweza kuipika."

Akamgeukia pasta. "Mufungue kitabu."

Sijui nani alianza, ila kanisa zima lililia, kisha likacheka, kisha koro ikaanza kuimba bila kiongozi wake, maana kiongozi alikuwa ameshika mkono wangu na pua inamchuruzika. Tante Feza kwa jasho na machozi poudre yote ilimshuka shingoni kwa mistari, na hakujali. Tukafungishwa!

Sasa msidhani mambo yaliisha kama hadithi za watoto. Kamati ilikaa wiki iliyofuata na sharti likabaki sharti, baba akaachia kiti na Wilondja koro, miezi mitatu "kwa utaratibu". Baba alifurahi. Wazee wanakaa mbele peke yao, sasa akawa anakaa benchi moja na mama, wananong'onezana wakati wa mahubiri. Miezi mitatu ilipoisha walimwita arudi, akachelewa kurudi makusudi.

Na Mama Sifa? Mwezi wa pili baada ya harusi alikuja kwangu na mfuko. Ndani kuna ile robe ya satini ya kanisa. Akaniambia niipunguze kiuno, nitoe mikono yake, na kama baba ana maganda, tuijaribu kipande kimoja tu, pale pindoni. Ikashika rangi vibaya sana, satini haikubali kama pamba, ikatoka na mabakamabaka kama chui. Akaipenda hivyo hivyo. Tangu hapo binti anayetaka pindo la rangi alikuwa anakuja na gauni lake la pamba kwa baba, na hakuna tena aliyeangalia tumbo la mtu.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Nilikuwa nadhani kupendeza ni kufanana na bibi harusi wa kwenye kalenda. Siku ile nilipendeza kuliko siku zote za maisha yangu, na nilikuwa nimevaa kitu ambacho kila mtu wa nyumbani kwetu alikuwa amekiwekea mkono wake. Mama aliyelitumbukiza, baba aliyechemsha, Neema aliyelikojolea milimani, mimi niliyelikata. Dada zangu mnaoolewa, kabla ya kukodi, fungueni kwanza masanduku ya mama zenu. Na uso wako uache baba yako aujue.

Sasa msaada, ndiyo maana nimekuja.

Neema ni mrefu kunizidi, gauni litamfika juu ya kifundo. Na anataka rangi ikolezwe upya, maana miaka imeipausha. Naombeni mawazo ya kweli, hasa mafundi: niongeze kitambaa kingine chini au nimwachie fupi hivyo hivyo? Na tante Feza yuko hai, kasikia, ameshanunua kopo jipya la poudre. Nimzuieje bila kumvunja moyo? Mwageni maoni, nasoma yote, hata ya kunicheka.

Nimalizie na hili. Jana nilimpigia baba kumwambia habari ya gauni. Sasa ni mzee, ziwani hashuki tena, nyavu zote ni za nailoni na hakuna anayechemsha kitu. Nikamwambia papa, pole, najua ile kazi uliiacha zamani, tutatafuta rangi ya dukani.

Akaniambia nisubiri. Nikasikia anaita mtu, nikasikia chuma kinaburuzwa sakafuni. Kisha akarudi kwenye simu, anahema.

"Sufuria iko. Ulete robe. Mi mwenyewe nitaichemsha."